Kuvuka Aberdare kwa gari: Panga safari kwa kumfikiria aliye dhaifu

Hebu vuta picha hii, msomaji. Ni saa sita mchana. Gari lenu limesimama katika uwanda wa juu wa mbuga ya Aberdare, karibu na mahali pa kutazamia maporomoko ya Karuru. Watoto wameshuka na wanakimbizana. Mume wako anawapiga picha. Unapogeuka nyuma unagundua kwamba nyanya hajashuka. Ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, macho ameyafumba, na chai uliyommiminia haijaguswa. Unapomwuliza anasema ni uchovu tu, nyinyi endeleeni na matembezi yenu.

Je, utafanya nini? Utamwamini na kuendelea? Utampa tembe za maumivu? Au utawaita watoto wote warudi garini mara moja?

Watu wengi hupanga safari ya milimani kwa kuangalia ramani, fedha na uzuri wa mandhari. Huuliza maporomoko yako wapi, ndovu huonekana wapi, na petroli itagharimu kiasi gani. Ni wachache mno wanaouliza: katika gari hili, ni nani aliye dhaifu kuliko wote, na mlima utamtendea nini? Swali hilo ndilo linalopaswa kuwa la kwanza. Ukilijibu kabla ya kufunga mizigo, safari ya Aberdare itakuwa burudani kwa kila mtu. Ukilipuuza, huenda mkarudi nyumbani kwa njia ya hospitali.

BARABARA INAYOPANDA MAWINGUNI

Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare ilianzishwa mwaka 1950. Ina ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 767 na imeenea juu ya safu ya milima ambayo wenyeji wameiita Nyandarua tangu jadi. Kilele cha juu kabisa, Ol Donyo Lesatima, kina urefu wa mita 4,001, na kile cha Kinangop kina mita 3,906. Ni katika mbuga hii, kwenye hoteli ya Treetops, ambako binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa amelala mwezi Februari 1952 babake alipofariki, na hivyo akashuka akiwa malkia. Ni katika misitu hii pia ambako wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika miaka ya hamsini wakipigania ardhi na uhuru.

Njia inayopendwa zaidi na wenye magari ni ile inayotoka Nyeri, ikaingia mbugani kupitia lango la Ruhuruini au la Kiandongoro, ikavuka uwanda wa juu, kisha ikatokea upande wa magharibi kwenye lango la Mutubio. Kutoka hapo unateremka hadi Ndunyu Njeru katika nyanda za Kinangop, na hatimaye Naivasha. Kwa siku moja utakuwa umevuka safu nzima ya milima.

Mandhari hubadilika kila baada ya muda. Kwanza ni msitu wa miti mikubwa, ambamo mbega weusi kwa weupe huruka matawini na kinyesi cha ndovu hutapakaa barabarani. Kisha mianzi, imesongamana kama kuta pande zote mbili. Ukitoka kwenye mianzi unakutana na uwanda ulio wazi wenye nyasi za vishungu, lobelia warefu kumshinda mtu, na vijito vya maji baridi. Hapo utaona pofu na pengine mondo, ambaye katika milima hii mara nyingine huwa mweusi tititi. Maporomoko ya Karuru yanaanguka kwa ngazi tatu zenye jumla ya mita 273, na ng'ambo ya bonde hilo hilo yanaonekana ya Gura, yanayozidi mita 300.

Lakini uzuri huo wote uko juu, na hapo ndipo penye jambo.

MLIMA HUFANYA NINI MWILINI?

Nyeri mjini ni takriban mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Uwanda wa Aberdare uko zaidi ya mita 3,000. Hewa ya kule juu si chafu, la hasha. Ni safi mno, lakini ni nyepesi. Katika mwinuko wa mita 3,000, kila pumzi unayovuta ina takriban asilimia 70 tu ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa Mombasa. Kwa maneno mengine, ukivuta pumzi kumi kule juu umepata oksijeni ya pumzi saba za pwani.

Mwili wenye afya hujitahidi kufidia upungufu huo. Utaona unapumua haraka zaidi na moyo unadunda kwa kasi hata ukitembea hatua chache. Hilo ni jambo la kawaida. Mwili ukipewa siku kadhaa huzoea, na ndiyo sababu wenyeji wa Kinangop wanalima mitaro bila kuhema ilhali mgeni kutoka Kilifi anatweta akifunga kamba za viatu.

Tatizo huja mtu anapopanda haraka kuliko uwezo wa mwili wake wa kuzoea. Kuanzia mwinuko wa mita 2,500 hivi, baadhi ya watu hupatwa na ugonjwa wa milimani. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, uchovu usioeleweka na usingizi wa mang'amung'amu. Aghalabu huanza saa kadhaa baada ya kufika juu. Ugonjwa huu haubagui: kijana mwanariadha anaweza kuupata na babu yake asiupate.

Gari ndilo linalotudanganya. Anayepanda kwa miguu hulazimika kupumzika, na mwili wake hupata nafasi ya kuzoea. Anayepanda kwa gari hufika kabla mwili haujapata habari.

KWANZA HESABU WATU, KISHA MIZIGO

Kabla ya kuchagua njia, chukua karatasi uandike jina la kila atakayesafiri, na kando yake uandike hali yake ya afya. Usione haya. Jambo hili si la kumfichua mtu bali la kumlinda.

Mwenye selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita ugonjwa huu, asipelekwe kwenye uwanda wa juu bila idhini ya daktari wake. Oksijeni inapopungua, chembe zake nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa, na baridi huzidisha balaa. Maumivu yanayofuata ni makali na yanaweza kuhatarisha maisha. Ugonjwa huu umeenea zaidi katika maeneo ya Nyanza, Magharibi na Pwani, nako ndiko wanakotoka wengi wanaotamani kuona milima ya baridi. Hata mwenye chembe za kurithi asiyeugua anafaa kujihadhari: maumivu makali upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, yamteremshe mara moja.

Mama mjamzito amwone muuguzi wa kliniki yake kwanza, hasa kama amewahi kuambiwa damu yake ni kidogo au shinikizo la damu liko juu. Akisafiri, mkanda wa gari upite chini ya tumbo, juu ya mapaja, wala usikatize tumboni. Safari hii haimfai aliyekaribia kujifungua, kwani kuna sehemu ndefu ambako hakuna kituo cha afya na simu hazishiki mawimbi.

Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu ambaye hata nyumbani huhema akipanda ngazi, yafaa abaki chini. Mwenye shinikizo la damu lililodhibitiwa kwa dawa anaweza kwenda baada ya kushauriana na daktari wake, lakini asithubutu kuacha tembe zake nyumbani eti kwa kuwa ni siku mbili tu.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si ndani ya sanduku lililo kwenye buti. Hewa baridi na vumbi la barabara ni maadui wake. Mwenye kisukari ale kwa wakati wake wa kawaida hata kama wengine wamesisimkwa na ndovu, na insulini yake isiachwe garini usiku, kwani uwanda wa juu unaweza kuwa na baridi ya kugandisha.

Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamwuma. Atalia bila kunyamazishika, atakataa kunyonya, atalala vibaya. Ukiona dalili hizo kule juu, zichukue kuwa ni za mwinuko hadi itakapodhihirika vinginevyo. Masikio yakimwuma wakati wa kupanda au kushuka, mnyonyeshe. Kwa mtoto mkubwa, peremende ya kumumunya yatosha.

Ukimaliza orodha hiyo, mtazame aliye dhaifu kuliko wote. Huyo ndiye atakayeamua mtapanda hadi wapi, mtalala wapi na mtarudi lini.

LALA CHINI, PANDA MCHANA, TEREMKA KABLA YA USIKU

Wataalamu wa milima wana kanuni moja rahisi: tembea juu, lala chini. Aberdare inafaa sana kwa kanuni hii kwa sababu pande zote mbili kuna miji iliyo chini.

Ukitoka Mombasa, usijaribu kufika uwandani kwa mkupuo mmoja. Lala Nairobi, ambako ni mita 1,700 hivi. Siku ya pili nenda Nyeri, mwendo wa kilomita 150 hivi kupitia Thika na Karatina, ulale huko. Anayetoka Kisumu, iliyo kama mita 1,130, naye apumzike njiani. Mkazi wa Nairobi ameanza akiwa juu kidogo, lakini hata yeye atafaidika kwa usiku mmoja Nyeri badala ya kutoka nyumbani saa kumi za usiku akiwa hajapata usingizi.

Siku ya kuvuka, ondokeni Nyeri saa moja asubuhi mkiwa mmekunywa chai na kula chakula cha kutosha. Malango hufunguliwa mapema na kufungwa jioni. Siku hizi ada ya kuingia hulipwa kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, si kwa noti mkononi, kwa hiyo shughulikieni jambo hilo mkiwa bado mjini ambako simu zinashika. Waulizeni pia maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), wenye makao yao Mweiga karibu na Nyeri, kama njia ya kwenda Mutubio inapitika. Swali hili si la adabu tu. Mvua ikinyesha, udongo wa Aberdare huteleza kama sabuni, na njia nyingine hufungwa kabisa. Miezi ya Januari na Februari ndiyo mikavu zaidi. Aprili na Mei iepukwe. Julai haina mvua kubwa lakini ukungu na baridi vinaweza kukunyima hata kuyaona maporomoko.

Pandeni polepole. Simameni pale panaporuhusiwa, kunyweni maji, mwangalieni yule wenu. Mkifika uwandani saa nne au saa tano, msikimbilie kuteremka mabonde. Kaeni nusu saa kwanza. Tazameni maporomoko ya Chania na ya Karuru kwa mwendo wa kizee, kisha kuleni chakula cha mchana. Ifikapo saa nane mchana, elekezeni gari Mutubio. Kilomita ni chache lakini mwendo ni wa taratibu, na mnataka kuwa mmefika Naivasha, iliyo karibu mita 1,900, kabla ya giza kuingia.

Kuna nyumba za kulala wageni na kambi juu uwandani, na wanaozipenda wana haki ya kuzisifu. Lakini usiku wa kwanza kule juu si wa nyanya wala wa mtoto mchanga. Ugonjwa wa milimani hupenda kushambulia usiku, mtu akiwa amelala na msaada uko mbali.

Na iwapo mtu hajisikii vizuri kabla hata ya kufika juu? Basi geuzeni gari. Upande wa mashariki, katika msitu wa chini, kuna ndovu, nyati na mbega wa kutosha kuwafurahisha siku nzima. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kutoyaona maporomoko ya Karuru.

KICHWA KIKIUMA, ULIZA SABABU

Sasa tumrudie nyanya aliyeegemea kioo. Kichwa kinamwuma. Kosa kubwa ni kudhani kwamba maumivu ya kichwa yana maana moja tu. Katika safari ya namna hii yana angalau maana tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni mwinuko. Huja baada ya muda kule juu, mara nyingi pamoja na kichefuchefu na kizunguzungu, na hupungua mtu anapoteremka. Dawa yake kuu ni kuteremka. Tembe za maumivu zinaweza kumpa nafuu, lakini zisiwe kisingizio cha kuendelea kupanda. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kumwandikia mtu mapema ili kuzuia ugonjwa huu, ila hazimfai kila mtu na zisinunuliwe kiholela dukani.

Ya pili ni malaria. Mtu anayetoka Kisumu, Busia au Kilifi anaweza kuwa na vijidudu mwilini bila kujua, kwa maana dalili huweza kuchukua wiki moja hadi mwezi mmoja kujitokeza baada ya kuumwa na mbu. Anapotetemeka kule mlimani, kila mtu husema ni baridi. Mpime joto kwa kipimajoto. Kama ana homa, maungo yanamwuma na anatoka jasho, msisingizie mlima. Mpelekeni akapimwe damu siku hiyo hiyo, Nyeri au Naivasha, kwa kuwa malaria kali haisubiri hadi Jumatatu. Na mkifika, mwelezeni daktari anakotoka mgonjwa, maana Nyeri si mahali ambako malaria hufikiriwa kwanza.

Ya tatu ni moshi wa gari. Kama karibu wote mlio garini mnaumwa na kichwa kwa wakati mmoja, mnasinzia na kuhisi kutapika, ekzosi inaweza kuwa imetoboka na gesi ya sumu inaingia ndani. Gesi hiyo, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Zimeni injini, shukeni, vuteni hewa safi, na msirejee garini na kufunga madirisha.

Kuna dalili nyingine ambazo hazina mjadala. Mtu anayehema hata akiwa ameketi, anayekohoa povu, ambaye midomo yake imekuwa ya rangi ya samawati, anayepepesuka kama mlevi au anayeropoka asijue yuko wapi, ateremshwe saa hiyo hiyo na kupelekwa hospitalini. Mapafu yake au ubongo wake huenda umeanza kujaa maji. Ni nadra kwa anayepita mlimani kwa siku moja, lakini likitokea hamna muda wa kupiga kura.

BARIDI, JUA NA MAJI

Kwa wastani joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000. Mombasa ikiwa na nyuzi 30, uwandani unaweza kutarajia kama 12 mchana, na chini zaidi upepo na manyunyu yakianza. Kila mtu awe na sweta nzito, koti la mvua, kofia na soksi za akiba. Mtoto aliyelowa abadilishwe nguo mara moja hata kama anakataa. Anayetetemeka bila kukoma na kuanza kusema kwa kuvuta ulimi amepoteza joto la mwili. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa blanketi kavu na mpeni kinywaji cha moto. Pombe haimpashi mtu joto, bali humpotezea lile alilonalo.

Baridi isikufanye usahau jua. Kila unapopanda mita 1,000, miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, na ajipake mafuta ya kukinga jua hata kama mawingu yametanda.

Kunyweni maji mara kwa mara, kwa maana hewa kavu ya juu hukausha mwili bila ya mtu kuhisi kiu. Lakini msiteke vijitoni na kunywa papo hapo. Ni kweli kwamba maji ya milima hii ndiyo yanayojaza mabwawa ya Sasumua na Ndakaini yanayonywesha Nairobi, lakini yale husafishwa kwanza. Kijito unachokiona kinang'aa huenda nyati alioga humo asubuhi. Mkitaka kuyachemsha, kumbukeni kwamba kule juu maji huchemka yakiwa na nyuzi 90 tu. Yaacheni yatokote dakika tatu nzima. Kwa sababu hiyo hiyo msijisumbue kupika maharagwe uwandani, mtakesha. Bebeni chakula kilichopikwa: chapati, mayai, viazi vitamu, ndizi na chupa kubwa ya chai.

DEREVA NAYE NI ABIRIA

Dereva husahaulika katika hesabu hii kana kwamba yeye ni sehemu ya injini. Ilhali uhai wa wote umo mikononi mwake. Alale saa saba au nane usiku wa kuamkia safari. Asinywe pombe usiku huo. Kama abiria watakunywa dawa ya kuzuia kutapika, yeye asiinywe, maana nyingi hulewesha usingizi. Apumzike kila baada ya saa mbili. Kichwa kikimwuma yeye, ndipo safari imefika mwisho wake wa kupanda, na ni vizuri mtu wa pili mwenye leseni awepo.

Gari liwe lile ambalo injini husukuma magurudumu yote manne, lenye breki zilizokaguliwa, tairi la akiba lenye upepo, jeki na kamba ya kuvutia. Injini nayo huhitaji hewa, na gari kuukuu litapungukiwa na nguvu kule juu. Wakati wa kuteremka kuelekea Ndunyu Njeru tumieni gia ndogo ili injini izuie mwendo. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kukataa kushika.

Ndovu akiwa barabarani, simameni mbali, msipige honi, na mwacheni apite. Kama ana mtoto, rudini nyuma taratibu. Msishuke isipokuwa mahali palipoidhinishwa.

JIKO LISIINGIE NDANI

Naacha hili liwe la mwisho kwa sababu ndilo linaloua kimyakimya. Baridi ya usiku ikibana, mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani ya hema au chumba, au kulala garini injini ikinguruma na madirisha yakiwa yamefungwa. Usifanye hivyo kamwe, hata kwa nusu saa. Gesi ile ile ya sumu tuliyoitaja hujaa taratibu, na waliolala hawaamki. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani mtu hudhani yamekwisha kuwa salama. Ongezeni blanketi, valieni soksi mbili, jazeni chupa maji ya moto mziweke miguuni. Jiko libaki nje.

KABLA HUJAWASHA GARI

Hakikisha umetimiza haya:

1. Orodha ya abiria na hali zao za afya imeandikwa, na aliye dhaifu ameshauriana na daktari.

2. Dawa za kila mtu zimo ndani ya gari mahali pa kufikika, pamoja na kipimajoto, tembe za maumivu, chumvi ya kuzuia kuishiwa maji mwilini na bandeji.

3. Mtalala chini usiku wa kuamkia safari, na mtalala chini usiku unaofuata.

4. Mtu mmoja aliyebaki nyumbani anajua njia yenu, lango la kuingilia, lango la kutokea, na saa mtakayompigia simu.

5. Mmekubaliana wote, watoto wakiwemo, kwamba mtu akisema hajisikii vizuri gari litageuka bila lawama.

Hili la tano ndilo gumu kuliko yote. Wazee wetu hawapendi kuharibu furaha ya wajukuu. Nyanya atasema ni uchovu tu, hata kama kichwa kinampasuka. Kwa hiyo usimwulize kama anaweza kuvumilia, kwa kuwa atakujibu ndiyo. Mwulize kichwa kinamwuma wapi, tangu lini, na kwa nini hajanywa chai yake. Mpime joto. Mwombe atembee hatua kumi kwa mstari ulionyooka. Kisha waite watoto warudi garini, na mteremke.

Mkifika Kinangop atakuwa amefumbua macho na kuanza kuuliza bei ya kabichi kando ya barabara. Mkifika Naivasha ataomba samaki. Maporomoko mtayaona siku nyingine, kwani yamekuwa yakianguka pale kabla ya sisi sote kuzaliwa. Haraka haraka haina baraka, na mwendo wa pole hauumizi mguu.

Safari njema.